Marehemu Robert Wangila: Dhahabu ya Seoul na Ulingo wa Las Vegas

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula, wadogo zetu wawili wa kidato cha tano walituuliza swali ambalo sisi kaka zao tulilijibu kwa kelele nyingi na hoja chache. Walitaka kujua kama kijana aliyeng'ara katika ngumi za ridhaa atang'ara vilevile akiingia katika ngumi za kulipwa. Swali hilo si la kupitishia jioni. Mkoa wetu wa Tanga umemtoa Hassan Mwakinyo, ambaye mwezi Septemba 2018 alikwenda Birmingham, Uingereza, akamshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mbele ya watu wa nyumbani kwake. Tangu siku hiyo sidhani kama kuna kijana kutoka Mombo hadi Mlalo asiyejua kuwa ngumi zinaweza kuleta fedha. Katika mji huo huo wa Birmingham, mwaka 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe waliiletea Tanzania medali mbili za shaba za Michezo ya Jumuiya ya Madola, na hizo ni ngumi za ridhaa. Mji mmoja, njia mbili. Vijana wetu wanauliza kama njia ya pili inaendelea pale inapoishia ya kwanza.

Ndugu Mhariri aliniambia niache kubishana na badala yake niandike maisha ya mtu mmoja. Nimemchagua marehemu Robert Wangila Napunyi wa Kenya. Hakuwa mtu wa milima yetu, wala sina habari kuwa alipata kufika Usambara. Lakini katika Afrika Mashariki nzima sijui maisha mengine yanayolijibu swali la vijana hawa kwa ukamilifu kama yake.

Wangila alizaliwa tarehe 3 Septemba 1967. Alikulia katika nchi ambayo wakati huo ilikuwa chuo cha ngumi cha Afrika. Mwaka 1968, huko Mexico, Philip Waruinge alipata medali ya shaba, na ingawa wapo waliomtangulia kwa medali, yeye ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi kuliko wote katika Olimpiki. Miaka minne baadaye, mjini Munich, alipata fedha. Kenya haikwenda Olimpiki za 1976 na 1980, lakini iliporudi mwaka 1984, mjini Los Angeles, Ibrahim Bilali alichukua shaba. Nyuma ya majina hayo kulikuwa na utaratibu ambao sisi wa Tanzania pia tuliufahamu: jeshi, polisi, magereza na mashirika ya umma yaliwaajiri mabondia, yakawapa mshahara, mahali pa kulala na muda wa kufanya mazoezi. Bondia wa ridhaa hakuwa tajiri, lakini hakuwa peke yake. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndilo litakalokuja kugeuka.

Kikosi cha Kenya kilichokwenda Seoul, Korea ya Kusini, mwezi Septemba 1988 kilikuwa kikali. Wangila alikuwa na umri wa miaka 21 tu, akipigana katika uzito wa welta, yaani kilo 67. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi nusu fainali, ambako bahati nayo ilimfungulia mlango: Jan Dydak wa Poland hakuweza kupanda ulingoni kwa ajili ya maumivu, na Wangila akapita bila kupigana. Mwanzoni mwa Oktoba alikutana katika fainali na Laurent Boudouani wa Ufaransa. Boudouani alikuwa fundi, mwenye mikono myepesi na macho ya kuhesabu. Raundi ya kwanza ikapita. Katika raundi ya pili ngumi ya Wangila ilifika, Mfaransa akaenda chini, na hesabu ikamalizika akiwa bado hajawa tayari.

Kenya ilirudi nyumbani na medali 5 za dhahabu. Nne zilikuwa za mbio: Paul Ereng katika mita 800, Peter Rono katika mita 1,500, John Ngugi katika mita 5,000 na Julius Kariuki katika kuruka viunzi na maji. Ya tano ilikuwa ya Wangila. Katika uzito wa kati, Chris Sande alipata shaba. Dhahabu ya Wangila ilikuwa na uzito wake wa pekee. Kabla yake, dhahabu zote za ngumi zilizokuja barani Afrika zilikuwa zimechukuliwa na wazungu wa Afrika Kusini. Wangila ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kusimama juu kabisa ya jukwaa lile.

Sasa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, maana watu wengi husema ngumi ni ngumi. Mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kusoma habari hizi.

Bondia wa ridhaa wa wakati wa Wangila alipigana raundi 3 za dakika 3, jumla dakika 9. Alivaa kinga ya kichwa, ambayo ililazimishwa katika Olimpiki tangu 1984. Refa alikuwa na amri ya kumhesabia hata akiwa bado amesimama, na hesabu tatu katika raundi moja zilitosha kulimaliza pambano. Aliyepigwa KO alizuiwa kupanda ulingoni kwa siku zisizopungua 28. Ngumi moja safi iliyogusa kichwa iliweza kuwa sawa na ngumi iliyomtetemesha mtu magoti, kwa hiyo mwenye kasi na mguso mwepesi alikuwa na faida. Alipigana mara nyingi katika siku chache na watu asiowajua, na kila asubuhi ya pambano ilimbidi apande kwenye mizani.

Katika ngumi za kulipwa mambo ni mengine. Raundi huanza 4 kwa wanaoanza, zikafika 10, na za ubingwa wa dunia ni 12. Zilikuwa 15, lakini baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufa kutokana na pambano lake na Ray Mancini, Las Vegas, Novemba 1982, baraza la WBC lilizipunguza na mengine yakafuata. Kinga ya kichwa hakuna. Glovu za uzito wa welta ni aunsi 8. Bondia hupimwa uzito mara moja, akapata muda wa kula na kurudisha mwili, kwa hiyo yule mtu wa kilo 66 uliyemwona kwenye mizani siye unayekutana naye ulingoni. Aliyejifunza kukimbia mbio za dakika 9 anatakiwa sasa aende dakika 30 au 36, na mpinzani wake ana subira ya kupiga mbavu kwa raundi tano akingoja mikono ishuke.

Lakini tofauti kubwa kwa maoni yangu haiko ulingoni. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni majalada, kwa hiyo labda naona makaratasi mahali ambapo wengine wanaona misuli. Bondia wa ridhaa ana chama, ana daktari wa timu, ana mwalimu asiyelipwa kwa ushindi wake. Wa kulipwa ana mkataba. Promota ndiye mwenye kumbi na fedha, meneja anachukua sehemu yake, na mtafuta wapinzani ndiye anayeamua kama wiki ijayo utapewa mtu laini wa kukujengea jina au mtu mgumu ambaye wewe ndiye wa kumjengea yeye jina. Kijana aliyetoka Olimpiki akiwa Mmarekani, mwenye televisheni nyuma yake, huletewa wapinzani kwa kipimo, kama mtoto anavyoanzishiwa uji. Mwafrika aliyefika peke yake na medali mfukoni mara nyingi hana wa kumpimia.

Basi je, medali hubebeka? Nikiangalia mabondia wa kanda yetu, jibu halikai mahali pamoja. Ayub Kalule wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa huko Havana mwaka 1974, katika mashindano ya kwanza ya namna hiyo. Akahamia Denmark, akatunzwa vizuri, akapigana hatua kwa hatua, na mwaka 1979 akachukua mkanda wa WBA huko Japani kutoka kwa Masashi Kudo. Aliupoteza kwa Sugar Ray Leonard mjini Houston mwaka 1981, na kushindwa na Leonard si aibu. Mganda mwenzake, John Mugabi, alipata fedha Moscow mwaka 1980 katika uzito ule ule wa Wangila. Aliwashinda kwa KO wapinzani wake 25 wa kwanza wa kulipwa, wote bila kubakiza, hadi Marvin Hagler alipomwangusha katika raundi ya 11 mwezi Machi 1986. Mkanda aliupata mwaka 1989. Lakini Waruinge, ambaye kwa ufundi sidhani kama wawili hao walimshinda, alikwenda Japani kupigana kwa malipo, akarudi bila mkanda wa dunia.

Na sisi tusimsahau Titus Simba. Mwaka 1970, huko Edinburgh, alifika fainali ya uzito wa kati ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashindwa na John Conteh wa Uingereza na kutuletea medali ya fedha. Miaka minne baadaye Conteh alikuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Wanaume wawili walisimama kwenye jukwaa moja. Mmoja alikuwa na London nyuma yake.

Tazama pia hiyo Seoul yenyewe. Roy Jones wa Marekani alipigwa fainali kwa uamuzi uliowaudhi watu dunia nzima, na aliyepewa dhahabu, Park Si-hun wa Korea, hakupata kupigana ngumi za kulipwa hata mara moja. Jones mwenye fedha akaja kuwa bingwa katika uzito wa kati hadi uzito wa juu. Riddick Bowe naye alipata fedha, akiwa ameshindwa na Lennox Lewis, na wote wawili wakaja kuwa mabingwa wa dunia wa uzito wa juu. Andrew Maynard alipata dhahabu. Mkanda wa dunia hakuuona. Kwa hiyo hata ndani ya wiki mbili za mji mmoja, rangi ya medali haikutabiri kitu. Wapo pia ambao hawakujaribu: Teófilo Stevenson wa Kuba alichukua dhahabu tatu, 1972, 1976 na 1980, akabaki na ridhaa yake mpaka mwisho.

Wangila alijaribu. Mwaka 1989 aliingia ngumi za kulipwa na akaweka makao yake Las Vegas, mji wa jangwani ambao biashara yake ni kamari na ambao mapambano makubwa ya ngumi huletwa humo ili wacheza kamari wapate sababu ya kuja. Hapo mwanzo alishinda, na mengi ya mapambano hayo aliyamaliza mapema, kama alivyozoea. Jumla ya mapambano yake ya kulipwa ilifika 27: alishinda 22 na kupoteza 5.

Mtu asiyejua ngumi ataona hesabu hiyo ni nzuri. Kwa mhitimu wa shule, 22 katika 27 ni daraja la kwanza. Katika biashara ile, kushindwa mara tano kabla ya kupigania mkanda wowote mkubwa kunamhamisha mtu kutoka orodha ya wanaojengwa kwenda orodha ya wanaojengea wengine. Naamini, na haya ni maoni yangu, kuwa kile kilichompa dhahabu ndicho kilichomchelewesha. Ngumi yake ilimaliza mambo kabla hajalazimika kujifunza namna ya kulinda kichwa katika raundi ya saba, ya nane, ya tisa. Kwa dakika 9 moyo wa kutorudi nyuma ni mali. Kwa dakika 30 unakuwa deni.

Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alipanda ulingoni na David Gonzales. Lilikuwa pambano kali, si la kuonewa. Katika raundi ya 9 refa Joe Cortez aliona kuwa Wangila amepokea ngumi za kutosha, akaingia kati na kulisimamisha. Wangila alipinga. Alikuwa amesimama kwa miguu yake na aliona kuwa angeweza kuendelea. Alitoka ulingoni akatembea hadi chumba cha kubadilishia nguo, na huko ndiko alikopoteza fahamu. Madaktari walimpasua kichwa kuondoa damu iliyokuwa ikiubana ubongo. Hakuamka. Alifariki tarehe 24 Julai 1994, akiwa na umri wa miaka 26.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili hapa shuleni. Julai ya kwetu kila aliyepita hapa anaijua: ukungu unateremka kutoka Magamba alasiri na hauondoki mpaka saa nne ya kesho yake, na mablanketi mawili hayatoshi. Habari zilitufikia kwa redio ya mwalimu wa zamu. Tulikuwa na gunia la mkonge tulilolijaza maranda ya mbao na kulining'iniza kwenye mkaratusi nyuma ya bweni, na mmoja wetu, kijana mwenye mabega mapana, tulikuwa tumemwita Wangila tangu kidato cha kwanza. Baada ya habari zile jina hilo halikutumika tena. Hakuna aliyelipiga marufuku. Liliacha tu kuitwa. Kijana yule aliendelea kupiga gunia, ila alfajiri, peke yake. Leo ni baba wa watoto wanne na anauza viazi na kabichi Soni, na alipojua kuwa naandika makala hii aliniagiza nisisahau kutaja kuwa refa alifanya haki. Namwunga mkono. Kama Cortez angechelewa, watu wangekuwa na wa kumlaumu. Hakuchelewa kwa kadiri ya macho ya binadamu, na bado mtu alikufa. Damu ya ndani ya fuvu haionekani kwa refa.

Hapa nawataka wadogo zangu waelewe jambo moja kuhusu kinga ya kichwa, maana katika ule ubishi wetu mmoja wenu aliishikilia sana. Kinga ile huzuia kuchanika nyusi na hupunguza michubuko. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Tangu 2013 wanaume wa ridhaa wa ngazi ya juu wameacha kuivaa, na katika Olimpiki ya Rio ya 2016 walipigana vichwa wazi. Rio hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza, mabondia wa kulipwa waliruhusiwa kuingia Olimpiki. Waliingia watatu. Mmoja wao, Hassan N'Dam wa Kamerun, alikuwa amepata kuwa bingwa wa dunia wa WBO, na alishindwa katika pambano lake la kwanza tu. Hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyepata medali. Wengi hudhani wa kulipwa ni yule wa ridhaa aliyepandishwa darasa, na mimi sioni hivyo. Ni ufundi wa jirani, kama fundi seremala na fundi mashua: mbao ni zile zile, ila maji yana maswali yake.

Na vipi Boudouani, yule aliyelala chini Seoul? Naye aliingia ngumi za kulipwa, lakini kwao Ufaransa, katika kumbi zenye watu wake. Mwezi Agosti 1996, miaka miwili baada ya Wangila kuzikwa, alimshinda Julio César Vásquez na kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Aliushika mkanda huo mpaka Machi 1999, alipopigwa na David Reid, Mmarekani aliyechukua dhahabu Atlanta 1996. Mwaka mmoja baadaye Reid alipigwa na Félix Trinidad, ambaye hakuwa na medali ya Olimpiki ya rangi yoyote.

Mwanafunzi mmoja ameniandikia akiniomba nimwambie wazi kama aache shule. Sitamwambia aache, na hilo halihusiani na ngumi. Kuhusu ngumi namwambia hivi. Mapafu tunayo: Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na aliyezoea kukimbia kutoka Soni kupanda huku hatachoka haraka katika uwanja wa Dar es Salaam. Mapambano ya ridhaa ayapate mengi kadiri awezavyo, asiyahesabu kuwa ni muda unaopotea. Siku atakapoletewa mkataba, ausome yeye na mtu mwingine asiyepata chochote ndani yake, na aangalie nani analipa daktari, nani anachagua mpinzani, na nani ana haki ya kumtoa ulingoni kabla refa hajaona. Picha ya ubongo ipigwe kabla, si baada. Kama hapo pa daktari pameachwa wazi, asitie saini, hata kama kiasi kilichoandikwa kinazidi mshahara wangu wa mwaka, jambo ambalo si gumu.

Chama cha ngumi cha shule kimeanza tena tangu mwaka jana, na wahitimu wa mwaka wangu tumechanga kununua glovu na kinga za meno. Vijana 14 wamejiandikisha. Tangu Oktoba ile ya 1988 Kenya haijapata medali nyingine ya ngumi katika Olimpiki, na sisi Tanzania hatujapata hata moja. Medali zetu mbili, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui mwaka 1980, zote ni za mbio.